Majumba ya Kifalme ya Unguja na Njia za Maji

Kaskazini ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, kando ya barabara iendayo Bububu, yamesimama magofu ya makasri mawili ya masultani wa ukoo wa Busaidi: Maruhubi na Mtoni. Ndani zaidi, juu ya kilima chenye mashamba ya minazi na viungo, lipo hamamu la Kidichi. Mjini kwenyewe, ukingoni mwa bahari, yapo Beit al-Sahel na Beit al-Ajaib. Majengo haya yote yana asili yake katika karne ya 19, na yakitazamwa kwa pamoja hueleza jinsi dola moja ilivyoinuka kwa karafuu na biashara ya bahari, kisha ikapungua.

Mgeni asiyejua la kutazama huona kuta zilizobomoka na nguzo zisizobeba kitu. Anayejua hufuata maji: kijito, mfereji, birika na hamamu. Maji ndiyo yaliyoamua kasri lijengwe wapi na bustani ipandwe upande gani, na sehemu zilizojengwa kwa ajili ya maji ndizo zilizodumu zaidi baada ya vyumba vya kulala na kumbi za wageni kuteketea.

Karafuu zilizojenga makasri

Sayyid Said bin Sultan alishika utawala wa Omani mwaka 1806, akiwa bado kijana, na hakuuacha hadi alipofariki mwaka 1856. Alitia nanga Unguja kwa mara ya kwanza mwaka 1828. Alikuwa ametoka katika nchi ya majabali na jangwa, ambako shamba huishi kwa falaji, yaani mfereji unaochukua maji chini ya mlima na kuyafikisha mashambani, yakagawanywa kwa zamu baina ya wenye haki nayo. Unguja alikuta hali nyingine: mvua za masika na za vuli, vijito vinavyoteremka hadi baharini, na bandari inayofikiwa kwa upepo wa kaskazi na kuondokewa kwa upepo wa kusi. Kufikia mwaka 1840 alikuwa amehamishia makao yake kisiwani, na Muscat ikasimamiwa na mwanawe Thuwaini.

Utajiri wa dola hiyo ulitokana na pembe za ndovu, biashara ya watumwa na karafuu. Mkarafuu si mti wa asili wa Afrika. Uliletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyokuwa vikitawaliwa na Wafaransa, na miongoni mwa waliotangulia kuupanda alikuwa Saleh bin Haramil, Mwarabu tajiri mwenye mashamba Mtoni na Kizimbani. Sayyid Said aliyatwaa mashamba hayo, akawahimiza matajiri wengine wapande kwa wingi. Inasimuliwa kuwa aliamuru kila mnazi mmoja uandamane na mikarafuu mitatu. Haukupita muda mrefu, Unguja na Pemba zikawa ndizo zinazolisha karafuu sehemu kubwa ya dunia.

Kazi ya kufyeka, kupanda, kupalilia, kuchuma na kuanika ilifanywa na watumwa waliotekwa bara, wengine kutoka mbali kama nchi za kando ya Ziwa Nyasa. Hao hao walivunja mawe, wakachoma chokaa na kubeba boriti. Soko la watumwa mjini lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ulipigwa marufuku kisheria mwaka 1897. Karibu kila ukuta unaoonekana leo Mtoni, Kidichi na Maruhubi ulisimamishwa kabla ya mwaka huo wa pili.

Mtoni, nyumba ya kijito

Mtoni ndilo kasri kongwe zaidi kati ya magofu ya masultani yaliyobaki kisiwani. Ujenzi wake ulianza mwishoni mwa miaka ya 1820 katika shamba lililokuwa la Saleh bin Haramil, kilomita chache kaskazini ya mji. Jina linajieleza: kijito kilipita ndani ya eneo la kasri na kumwagikia baharini hatua chache mbele yake. Mbele palikuwa na bahari yenye maji matulivu ya kutia nanga, nyuma palikuwa na minazi na miembe, na katikati ulikuwapo ua mpana uliozungukwa na majengo yaliyoongezwa kidogo kidogo kadiri familia ilivyokua.

Mengi yanayojulikana kuhusu maisha ya Mtoni yanatokana na mtu mmoja aliyezaliwa humo. Sayyida Salme binti Said alizaliwa Mtoni mwaka 1844. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkesi. Akiwa mtoto Salme alijifunza kuandika kwa siri, kwani wasichana wa kasri walifundishwa kusoma tu, kwa kunakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1866 aliondoka Unguja, akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete wa Hamburg, na mwaka 1886 akachapisha kwa Kijerumani kitabu cha kumbukumbu zake kwa jina la Emily Ruete. Kurasa zake kuhusu Mtoni ndizo zinazowawezesha watafiti na wageni kuzijaza kuta tupu kwa watu na sauti.

Kwa maelezo yake, Mtoni ilikaliwa na watu wapatao elfu moja: mke mkuu wa Sultani, masuria na watoto wao, matowashi, wapishi, walinzi na watumwa wa kila kazi. Mke mkuu alikuwa Bibi Azza binti Seif, aliyetoka Omani. Hakujaliwa mtoto, lakini hakuna aliyethubutu kupuuza neno lake. Sultani alikaa Mtoni siku nne za juma, na siku zilizobaki alikuwa mjini Beit al-Sahel akiendesha shughuli za dola.

Ua wa Mtoni haukuwa bustani ya maua yaliyopangwa kwa mistari. Tausi, paa, kanga, bata bukini, heroe na mbuni walizurura humo, na watoto walishindana kutafuta mayai yao. Yai la mbuni lilikuwa na thamani zaidi. Lilipelekwa kwa mpishi mkuu, naye alilipa kwa vitu vitamu. Watoto wakubwa, wavulana kwa wasichana, walifundishwa kupanda farasi. Palikuwa na michungwa mirefu, na juu ya matawi yake watoto walijificha walipotaka kukwepa macho ya wakubwa.

Mbele ya nyumba, upande wa bahari, kilijengwa kibanda kikubwa cha duara cha mbao zilizopakwa rangi, kilichoitwa benjile. Humo Sultani alizoea kutembea huku na huko akiwa na mawazo yake, akichechemea kidogo kwa sababu ya risasi iliyompata pajani vitani. Kutoka hapo aliziona merikebu zake, kwa kuwa dola yake ilitegemea bahari kuliko ilivyotegemea nchi kavu.

Hata hivyo, moyo wa Mtoni ulikuwa mwisho wa ua, penye safu ya nyumba za kuogea zipatazo kumi na mbili pamoja na hamamu la namna ya Kiajemi. Maji yalipita mfululizo katika mabirika yake. Nyumba hizo hazikuwa za kuoga tu. Kila moja ilikuwa na mahali pa kusali na pa kupumzikia, na wakazi wa kasri walikutana humo kusoma, kushona, kulala mchana na kupeana habari. Tangu alfajiri hadi usiku watu walipishana milangoni. Katika jumba lenye watu elfu, ambamo kila mmoja alikuwa na cheo chake na mlango wake, mahali pa maji ndipo palipowakutanisha wote.

Sayyid Said alifariki baharini mwaka 1856 akirejea kutoka Omani. Baada yake Mtoni ilianza kupoteza watu. Waliobaki walihamia mjini au mashambani, na kufikia miaka ya 1880 kasri lilikuwa limeachwa. Mwaka 1914 moto uliteketeza sehemu kubwa yake. Baadaye eneo hilo lilitumiwa kama ghala, kisha likawa jirani wa matangi ya mafuta. Leo mgeni anaingia katika ua ule ule uliozungukwa na kuta zisizo na paa, na anayeelekea mwisho wake anakuta sehemu iliyobaki nzima zaidi kuliko zote: hamamu, lenye dari la kuba na mabirika yake.

Kidichi, hamamu la binti wa Kiajemi

Barabara ya Kidichi inapanda kutoka pwani hadi mojawapo ya sehemu zilizoinuka zaidi Unguja. Miongoni mwa mashamba ya minazi na viungo limesimama jengo jeupe, fupi, lenye kuba kadhaa. Hili ni hamamu alilolijenga Sayyid Said, yapata mwaka 1850, kwa ajili ya mkewe Shahrzad, mjukuu wa mfalme wa Uajemi.

Salme anamweleza Shahrzad kuwa bibi mrembo, mwenye hadhi na asiyependa kufungiwa: alipanda farasi, aliwinda na alijionyesha kwa watu kwa namna iliyowashangaza wanawake wa Mtoni. Ndoa haikudumu. Alipewa talaka akarudi kwao. Alichoacha Unguja ni jengo hili, lililokusudiwa kwa ajili ya kuoga na kupumzika wakati yeye na Sultani walipokwenda mashambani kuangalia mavuno au kuwinda.

Thamani ya Kidichi iko katika kuta zake za ndani. Chokaa kimechongwa maua, mitende na ndege kwa mtindo wa Kiajemi. Jambo hili si dogo. Waarabu wa Omani walikuwa Waibadhi, na majengo yao yalisifika kwa usafi wa kuta usio na mapambo mengi, wala hawakupenda kuchora viumbe hai. Ndege wa Kidichi ni ushahidi kwamba mafundi, au angalau michoro yao, walifuata mila ya nyumbani kwa bibi harusi. Mwanga huingia kwa matundu madogo yaliyo katika kuba, ukaanguka juu ya mahali pa maji, na vyumba vya pembeni vilitengwa kwa kubadilisha nguo, kukandwa na kupumzika.

Mbali kidogo, Kizimbani, lipo hamamu jingine la Sayyid Said. Hilo halina nakshi yoyote. Mgeni akiyatazama yote mawili siku moja anaona bila kuelezwa tofauti kati ya ladha ya Omani na ladha ya Uajemi katika nyumba ya mtu mmoja.

Barghash na Maruhubi

Mwana wa Said aliyeacha alama kubwa zaidi katika majengo ya Zanzibar ni Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Kabla ya kupata ufalme alijaribu kumpindua ndugu yake Majid mwaka 1859. Salme, ambaye wakati huo alikuwa msichana, alikuwa miongoni mwa waliomsaidia kwa kuandika barua zake. Jaribio lilishindwa, na Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay. Huko aliona jinsi mji mkubwa wa bandari unavyoendeshwa. Mwaka 1875, akiwa tayari Sultani, alizuru Uingereza na kutembezwa katika majumba na bustani za huko.

Matokeo ya safari hizo yalionekana kwanza katika maji. Barghash alijenga mfumo wa mifereji na mabomba ulioleta maji safi mjini kutoka chemchemi za kaskazini, na watu wa kawaida wakayachota bila malipo. Mji uliokuwa ukinywa maji ya visima vilivyochimbwa baina ya nyumba na makaburi ukapata njia nyingine ya kuishi. Katika mtaa unaoitwa Hamamni hadi leo alijenga hamamu la umma lililobuniwa na Haji Gulamhussein, ambako mtu yeyote mwenye ada ya kuingilia aliweza kuoga maji ya moto kama walivyooga wafalme. Hamamu hilo lilifanya kazi hadi mwaka 1920, na bado linatembelewa.

Kati ya mwaka 1880 na 1882 Barghash alijijengea kasri la faragha Maruhubi, katika shamba linalosemekana kuitwa kwa jina la mwenyewe wa awali. Chini palijengwa kwa mawe, na juu palikuwa na roshani pana za mbao zilizobebwa na safu za nguzo nene. Miembe ilipandwa kuzunguka, ukuta mrefu ukajengwa kuzingira eneo, na mfereji ulioinuliwa juu ya matao ulileta maji hadi kwenye mabirika, mahamamu na mabwawa yenye mayungiyungi. Palikuwa na sehemu ya kuogea ya Sultani na sehemu ya wanawake. Waongozaji husimulia kwamba Barghash aliweka hapo wanawake mia moja, mke mmoja na masuria tisini na tisa. Idadi hiyo imezungushwa kama zinavyozungushwa hadithi za wafalme, lakini kwamba kasri lilikuwa makao ya wanawake wa Sultani si hadithi.

Bustani ya Maruhubi ilichanganya mila mbili. Ukuta wa kuzingira na nafasi pana ya miti hukumbusha viwanja vya matajiri wa Uingereza ambavyo Barghash aliviona mwaka 1875. Bwawa lililo karibu na nyumba, maji yanayosikika hata yasipoonekana, kivuli na matunda ni mila ya nchi za Kiislamu, ambako bustani ni mahali pa kukaa kuliko mahali pa kupita. Mtu wa Unguja wa wakati huo asingeuliza bustani ina rangi gani. Angeuliza inanukia nini na inatoa tunda gani.

Mwaka 1899, miaka 11 baada ya Barghash kufariki, Maruhubi iliungua. Roshani zote ziliteketea kwa siku moja na kasri halikujengwa upya. Marumaru za mahamamuni ziliibwa baadaye. Kilichobaki ni nguzo zilizosimama kwa safu kama zinasubiri paa lirudi, sehemu za mfereji, mabwawa na nyumba za kuogea.

Kwa nini mahamamu yamebaki

Mtoni, Kidichi na Maruhubi vinafanana katika jambo moja: nyumba ya kulala imetoweka au imebaki gofu, na hamamu limesimama. Sababu iko katika ufundi. Nyumba za mawe za pwani hujengwa kwa matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na sakafu za ghorofa hulazwa juu ya boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba, na kwa hiyo vyumba vingi vya zamani ni vyembamba, mita mbili na nusu hadi tatu, hata nyumba ikiwa ya tajiri. Mfalme aliyetaka nafasi na upepo aliongeza roshani za mbao, na mbao ndizo zilizokuwa kuni siku moto ulipozuka.

Hamamu halingeweza kujengwa hivyo. Mvuke huozesha boriti, na maji ya moto yanahitaji tanuri karibu. Mafundi walitumia dari za kuba na matao ya mawe bila mbao, kuta nene, na chokaa kilichosuguliwa hadi kikazuia maji kupenya. Jengo lililoandaliwa kuvumilia moto na maji kila siku lilivumilia pia miaka mia ya kusahauliwa.

Mjini: Beit al-Sahel na Beit al-Ajaib

Kasri la mjini, Beit al-Sahel, yaani nyumba ya ufukweni, lilikuwa mahali pa baraza na hukumu tangu enzi ya Sayyid Said. Kando yake Barghash alijenga mwaka 1883 Beit al-Ajaib, nyumba ya maajabu, jengo la shughuli za heshima zaidi kuliko la kuishi. Lilikuwa refu kuliko yote ya mji, lenye roshani pana kila ghorofa zilizobebwa na nguzo za chuma, na milango mikubwa ya nakshi yenye aya za Kurani. Lilikuwa la kwanza Zanzibar kupata taa za umeme, na baadaye likawekewa lifti, mambo yaliyotosha kulipatia jina lake.

Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zililipiga mizinga eneo hili. Sultani Hamad bin Thuwaini alikuwa amefariki siku mbili nyuma, na Khalid bin Barghash alikuwa ameingia kasri bila idhini yao. Mapigano yalichukua dakika zipatazo 40, na hutajwa mara nyingi kuwa vita vifupi kuliko vyote katika historia. Kasri la Beit al-Hukm na mnara wa taa viliharibiwa, na Beit al-Sahel ya zamani ikabomolewa vibaya. Beit al-Ajaib ilisalimika, na ilipokarabatiwa ikapewa mnara wa saa mbele yake. Sehemu ya kiwanja kilichobomolewa iligeuzwa bustani, na kasri jipya la Beit al-Sahel, lile linaloonekana leo lenye kuta nyeupe zinazotazama bahari, likajengwa.

Masultani waliishi humo hadi Mapinduzi ya Januari 1964, yaliyomwondoa Jamshid bin Abdullah. Jengo likaitwa Kasri la Watu, na mwaka 1994 likafunguliwa kuwa makumbusho. Maonyesho yake yalipangwa kwa vizazi: ghorofa ya chini inahusu zama za Sayyid Said, na ya juu kabisa inaonyesha vyumba vya Khalifa bin Harub, aliyetawala kutoka 1911 hadi 1960. Salme ana chumba chake pia. Wageni wengi hushangaa kwamba vyumba vya mwisho havina dhahabu wala vito bali makabati ya miaka ya 1950, ya aina iliyopatikana katika nyumba nyingi za watu wenye kipato. Dola iliyoanza na merikebu za kivita ilimalizika na samani za dukani. Karibu na kasri yapo makaburi ya familia, ambako amelazwa Sayyid Said na baadhi ya wanawe waliotawala baada yake.

Mbele ya majengo haya ipo bustani ya Forodhani, iliyotengenezwa katikati ya miaka ya 1930 na kukarabatiwa upya mwaka 2009. Hii ndiyo bustani ya kifalme pekee inayotumiwa na watu wote: jioni wauza urojo, mishikaki na juisi ya miwa hupanga meza zao pale ambapo zamani paliteremshwa shehena za forodha.

Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Hadhi hiyo haikutosha kuilinda Beit al-Ajaib. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya mbele yake, pamoja na mnara wa saa, iliporomoka na kuua watu wawili waliokuwa wakifanya kazi ya ukarabati.

Namna ya kuzuru

Mpangilio mzuri ni kuanza mjini, kwa kuwa makumbusho ndiyo yanayompa mgeni majina na sura za watu atakaokutana na nyumba zao baadaye. Ni vyema kuuliza kwanza kama jengo liko wazi, maana majengo ya ufukweni hufungwa kunapokuwa na ukarabati. Kutoka mjini, daladala za njia 502 ziendazo Bububu hupita Maruhubi na Mtoni, na mtu anaweza kuyaona magofu yote mawili katika asubuhi moja. Kidichi na Kizimbani ziko mbali na barabara hiyo. Wengi huzifikia kwa gari la kukodi, au katika ziara za mashamba ya viungo, ambazo mara nyingi husimama kwenye hamamu.

Asubuhi na alasiri ndizo saa bora. Jua la mchana hufuta vivuli, na bila vivuli nguzo za Maruhubi na michoro ya Kidichi hazionekani vizuri. Viatu vya kufunika miguu vinafaa kwa sababu ya mawe na majani. Kuta hazipandwi: chokaa cha miaka 150 hubanduka kwa mguu mmoja. Mtu afikapo Mtoni, aanzie upande wa bahari palipokuwa na benjile, avuke ua, amalizie hamamuni. Maruhubi aanze na mfereji, aufuate hadi bwawani, kisha aingie penye nguzo. Kwa njia hiyo atazunguka kasri kama maji yalivyolizunguka.

Chokaa na matumbawe vina adui mmoja mkubwa kuliko moto, nao ni maji ya mvua yanayoingia juu. Ukuta ukiwa na paa zima hudumu karne. Paa likivuja, maji hulainisha chokaa na kuozesha boriti, na ukuta huanza kufunguka kutoka ndani kabla ufa haujaonekana nje. Mafundi wa Sayyid Said na Barghash waliyapa maji njia yake kila mahali walipojenga, na pale njia hiyo ilipotunzwa jengo limebaki. Kazi ya kuyahifadhi makasri ya Unguja leo, kabla ya rangi, samani na mabango ya watalii, ni kuziba paa na kuzibua mifereji.